Neno "assassin" limetoka wapi hasa? Bangi, Hassan au asasi?

Kitasa Kibovu #1
Wakuu, salaam.
Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa kwenye vikombe. Kuna dogo mmoja anashinda kwenye kibanda cha gemu, anacheza ile Assassin's Creed. Katuambia neno "assassin" la Kiingereza, yaani yule muuaji anayetumwa kummaliza mtu mkubwa, mfalme, waziri, rais, asili yake ni hashishi. Bangi! Eti zamani huko Uajemi kulikuwa na mzee mmoja milimani, anawalewesha vijana, anawaingiza kwenye bustani yenye mito ya maziwa na asali na mabinti, wakizinduka wako nje. Hapo ndipo anapowaambia: mnataka kurudi peponi? Nendeni mkamuue fulani.
Mwalimu mmoja mstaafu akasema huo uzushi, neno linatokana na jina Hassan. Muuza kahawa naye akadakia, birika mkononi: "Hiyo ni asasi, si mnasikia asasi za kiraia?"
Nimeweka dau la kahawa ya wiki nzima na sijui hata niko upande gani. Wajuzi njooni.

Popo wa Mchana #2
Asasi za kiraia ndio wauaji? Naweka kambi hapa.

Bint Darini #3
Dogo wa gemu hajakosea sana. Maelezo yaliyo kwenye kamusi nyingi za Kiingereza ndiyo hayo: Kiarabu hashishi, wingi hashishiyyin, likapita kwa wapiganaji wa Msalaba, wale Wakristo wa Ulaya waliokwenda kupigania Jerusalem, likaingia Kilatini, Kitaliano, Kifaransa, mwisho Kiingereza kwenye karne ya 16. Aliyelitetea kwa hoja za kisomi ni Mfaransa Silvestre de Sacy, mwaka 1809, mbele ya wasomi wenzake Paris. Kabla yake kila mtu Ulaya alikuwa na lake.
Hadithi ya bustani imeenezwa na Marco Polo. Huyo ndiye chanzo cha utamu wote.

Mchoma Mahindi #4
Mimi na elimu yangu ya mtaani nina swali moja tu. Wavuta majani wa huku kwetu ukiwatuma sokoni wanarudi kesho kutwa bila chenji. Huyo mzee alikuwa anatumia mmea gani mpaka mtu anakwenda kumchoma waziri kisu?

Kalamu ya Risasi #5
Mchoma Mahindi umetania ila umegusa penyewe, tena wasomi wamelisema hilo kwa maneno marefu zaidi.
Wanaozungumziwa ni Waismailia, kundi la Waislamu wa Kishia, wa tawi la Nizari. Kiongozi wao Hasan-i Sabbah aliitwaa ngome ya Alamut, milima ya kaskazini mwa Uajemi, mwaka 1090. Mwaka 1092 akauawa Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki, na aliyemsogelea alivaa kama sufi. Mwaka 1192 mjini Tyre akauawa Conrad wa Montferrat, aliyekuwa anangoja kutawazwa kuwa mfalme wa Jerusalem. Wauaji wake wawili walikuwa wamejifanya watawa wa Kikristo, wakakaa mjini humo kwa muda mpaka wamezoeleka. Sasa niambieni: mtu wa kuvaa joho la dini isiyo yake, ajifunze sala zake, asubiri siku na siku bila kuteleza ulimi, huyo ni mlevi?
Na Hasan mwenyewe alikuwa mkali kupindukia. Wanahistoria wa Kiajemi wanasimulia kwamba alimuua mwanawe kwa kosa la kunywa mvinyo. Inasemwa pia kwamba katika miaka zaidi ya 30 aliyokaa Alamut alitoka ndani ya nyumba yake mara mbili tu, na mara zote mbili alikwenda kusimama juu ya paa.
Ama Marco Polo, amezaliwa 1254. Alamut imeangushwa na Wamongolia wa Hulagu 1256. Alipopita Uajemi miaka ya 1270 ngome ilikuwa gofu. Kasimulia ya kusikia.

Popo wa Mchana #6
Kwa hiyo Marco Polo alitupigia chai. Na sukari kajaza.

Kitasa Kibovu #7
Kalamu nimekuelewa. Lakini kama hawakuvuta, nani aliwabandika hilo jina, na kwa nini hilo?

Daktari Miti #8
Kuvuta mnawaletea mambo yetu sisi. Zama zile hashishi ililiwa. Walikuwa wanaisaga, wanaichanganya na vitu vitamu, mtu anatafuna kama kashata. Tusahihishe hapo kabla uzi haujafika mbali.

Mpemba wa Maskati #9
Kuhusu neno lenyewe hashishi nina kisa changu, wala si cha kutunga.
Nilipofika Oman, wiki ya kwanza tu, tajiri wangu aliniambia asubuhi: chukua pikapu, nenda ulete hashishi marobota kumi. Wallahi miguu ilikufa ganzi. Mimi najua nchi hii ukikamatwa na kitu hicho kwenu watakusahau. Nikamwambia naumwa. Akaniangalia, akasema basi mbuzi wangu walale njaa? Kumbe ni nyasi! Majani ya mifugo, yamekaushwa, yamefungwa kwa kamba, yanauzwa sokoni wazi na kila mtu anapakia. Nilipofika pale yule muuzaji ananihesabia "hashish, hashish" mbele ya askari na askari naye anawanunulia mbuzi wake.
Kwa hiyo Kiarabu hashishi kwanza ni nyasi. Bangi imepewa jina hilo kama nyinyi huko mnavyosema "majani".

Mchoma Mahindi #10
Marobota kumi! Hahahaha. Mpemba leo umelipa kodi ya uzi.

Kalamu ya Risasi #11
Kitasa, jibu la #7. Kwenye maandishi jina hilo linaonekana mapema kabisa karibu mwaka 1123, kwenye waraka wa ikulu ya khalifa wa Kifatimi, al-Amir, Cairo. Waraka unawashambulia Wanizari wa Syria na kuwaita hashishiyya. Haufafanui kitu. Haisemwi wanakula, haisemwi wanavuta, haina bustani. Ni tusi linalotupwa kwa watu ambao msomaji alijua wanastahili kutukanwa.
Ndiyo maana wanahistoria kama Farhad Daftary wanasema lichukuliwe kama sisi tunavyomwita mtu "mvuta bangi" kwa maana ya muhuni, mtu wa hovyo, asiye na dini. Kwenye kikao cha mtaa nani hajaitwa hivyo?
Na ajabu moja: al-Amir huyo huyo aliuawa mwaka 1130, na walionyooshewa kidole ni Wanizari.

Bint Darini #12
Ndiyo, lakini mkuu tusiruke upande wa pili haraka. Tusi nalo lina mahali limetoka. Watu hawakuwaita walaji wa nguruwe, hawakuwaita walevi wa mvinyo, wamechagua hashishi. Kwa nini? "Ni tusi tu" inaniambia neno lilitumikaje, hainiambii lilianzaje.

Kalamu ya Risasi #13
Hapo umenibana.

Mwalimu Chaki #14
Mimi ndiye yule mwalimu wa kijiweni, Kitasa kanionyesha uzi huu nikaona niingie mwenyewe nisisemewe.
Hoja yangu: kundi lilianzishwa na Hasan. Wafuasi wa mtu huitwa kwa jina lake, kama Waibadhi kwa Abdallah bin Ibadh. Kwa nini hawa wasiwe Wahasani, Mzungu akatamka "assassini"? Na bangi ikaja baadaye kwa sababu maneno yamefanana?

Mpemba wa Maskati #15
Mwalimu shikamoo. Kuna kikwazo. Wapiganaji wa Msalaba hawakukutana na Hasan, alikuwa mbali Uajemi na amefariki 1124. Wao walikutana na Wanizari wa Syria, na kiongozi aliyewatisha huko ni Rashid al-Din Sinan wa ngome ya Masyaf, wakimwita Shaykh al-Jabal. Huyo alijaribu kumuua hata Salahuddin, mara mbili, 1175 na 1176. Kama ni jina la kiongozi wangewaita Wasinani.
Na Hassan ana "s" tu. Hashishi ina "sh".

Popo wa Mchana #16
Shaykh al-Jabal maana yake?

Mpemba wa Maskati #17
Shehe wa Mlimani. Na sheikh kwa Kiarabu ni mzee vilevile, ndipo Wazungu wakaandika Mzee wa Mlimani.

Popo wa Mchana #18
Mzee wa Mlimani namjua, alinikamata somo la takwimu mwaka wa pili. Nilirudia mtihani.

Chalii wa Sakina #19
😂😂 Huyo anaua bila kisu.

Mwalimu Chaki #20
Marahaba Mpemba. Ila hiyo hoja ya "sh" haina nguvu. Kilatini hakina herufi ya kuandika "sh", kwa hiyo "s" ya Mlatini inaweza kuwa chochote. Na "h" ya mbele ndiyo kabisa, Wafaransa na Wataliano hawaitamki mpaka leo. Likishapita hapo huwezi kujua lilikuwa Hassan, hashishi au asasi. Kama Mzaramo na Mhaya kutamka neno moja halafu mgeni aandike.

Muuza Madafu #21
Basi muuza kahawa naye apewe haki yake. Nimeisoma hiyo ya asasi, ilipata umaarufu kupitia riwaya moja ya Kifaransa ya miaka ya 1980. Inasema Hasan aliwaita watu wake asasiyyun, wenye kushikamana na asasi, yaani msingi wa imani. Wageni wakasikia vibaya. Na asas ya Kiarabu ndiyo hii hii asasi yetu, taasisi, msingi. Kwangu inaingia akilini kuliko bangi. Nani anaanzisha kundi analiita la walevi?

Bint Darini #22
Hawakujiita. Waliitwa! Ndiyo tunayosema tangu #11.
Halafu kuna shahidi ambaye si Mlatini. Benjamin wa Tudela, Myahudi wa Hispania, alipita maeneo hayo karne ya 12 na kuandika safari yake kwa Kiebrania. Kiebrania kina "h" ya koo na kina "sh", na yeye kaandika "al-Hashishin". Hapo Hassan na asasi wote wanaanguka. Upande wa Kilatini nako kuna ripoti ya mjumbe aliyetumwa na mfalme wa Wajerumani mwaka 1175 inayowaita "Heyssessini", h ipo mbele.

Muuza Madafu #23
Benjamin naye aliishi nao? Au kasikia kwa watu walewale waliokuwa wanawatukana? Kama mtaa mzima unakuita Hashishi, mpita njia ataandika Hashishi. Haiondoi kwamba wao ndani walijiita kingine, na majirani wakapindisha makusudi. Watani hufanya hivyo kila siku.

Kalamu ya Risasi #24
Askofu mkuu William wa Tyre, aliyezaliwa Jerusalem na kuishi jirani nao miaka mingi, aliandika kwamba Wakristo na Waislamu wote wanawaita Assissini ila yeye hajui jina limetoka wapi. Huyo alikuwa pale pale, karne ya 12. Sisi tuko kwenye simu miaka 800 baadaye tunawekeana dau la kahawa.

Nahodha Mstaafu #25
Mnazunguka mbali. Neno ni la Kiswahili. MSASI. Shikeni kamusi: msasi ni mwindaji. Anavizia, ananyemelea, anaua. Wasasi, assassin. Mabaharia wa Lamu na Kilwa walikwenda Uarabuni tangu enzi na enzi.

Chalii wa Sakina #26
Nilijua tu atatokea mmoja.

Bint Darini #27
Nahodha, msasi lipo na maana ni hiyo. Lakini kufanana sauti si undugu. Ukienda hivyo "sukuma" na "Sukuma" na wewe utatuambia kabila lilianzia kwenye mkokoteni. Tuonyeshe hata mstari mmoja wa Mwarabu wa Syria akisema hawa jina lao limetoka pwani ya Afrika.

Nahodha Mstaafu #28
Sijasema nina mstari. Nimesema msasi anavizia.

Rozi wa Upanga #29
Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa niseme kidogo maana mnaozungumziwa ni sisi.
Mimi ni Mwismailia, wa Aga Khan, kizazi cha nne Dar es Salaam. Nilipokuwa sekondari mwalimu mmoja wa historia alitusomea ile habari ya bustani na mabinti kama historia kamili, halafu akanigeukia mbele ya darasa: "Kumbe nyinyi ndio mlioanza." Nilikuwa na miaka 15. Muhula mzima jina langu likawa Msela wa Alamut. Nyumbani nikamuuliza babu, mtu wa duka la vitambaa, anaamka saa kumi alfajiri kwenda jamatkhana, hajawahi kuvuta hata sigara. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema: "Sisi tunaua kwa mkopo tu."
Waliokuwa wanatumwa waliitwa fidai, mwenye kujitoa nafsi. Hilo ndilo jina la ndani. Waswahili mnalo kwenye "fidia", mzizi mmoja. Na waliua, sikatai, walikuwa wachache wamezungukwa na majeshi makubwa. Lakini zama hizo waliokuwa hawaui ni akina nani?

Mchoma Mahindi #30
"Tunaua kwa mkopo tu." Babu apewe maua yake.

Chalii wa Sakina #31
Pole Rozi. Ila swali la nia njema: Mabohora nao ni hao hao?

Rozi wa Upanga #32
Asante. Hapana. Tuligawanyika mwaka 1094 alipofariki khalifa al-Mustansir wa Cairo. Walioshika upande wa mwanawe Nizar ndio sisi, walioshika upande wa al-Musta'li ndiko walikotoka Mabohora. Na yule al-Amir wa waraka wa tusi kwenye #11 ni mtoto wa al-Musta'li. Kwa hiyo tusi lenyewe lilikuwa ugomvi wa ndugu wa ukoo mmoja. Leo tunauziana misumari Kariakoo, hakuna shida.

Kitasa Kibovu #33
Hii sikuijua kabisa. Kwa hiyo neno la Kiingereza limetoka kwenye ugomvi wa mirathi!

Mkenya Mtulivu #34
Wadau wa Bongo, hamjambo. Mkisikia hivyo msishangae, "thug" nayo ni ya Kihindi, "thag". Waingereza waliipeleka kwao karne ya 19 wakati afisa wao Sleeman anawasaka watu waliodaiwa kuwanyonga wasafiri barabarani. Lakini muulize Mhindi yeyote wa Ngara leo, thag kwake ni tapeli, mtu wa kukuuzia simu ndani yake mna sabuni. Mzungu akasikia tapeli akaandika muuaji. Hata huko kuna wanaosema hadithi ilikuzwa kuliko watu wenyewe.

Muuza Madafu #35
Hiyo simu ya sabuni niliinunua Msimbazi 2011. Sabuni ilikuwa nzuri.

Daktari Miti #36
Kuna lingine hamjalitaja. Wapo wanaosema hashishiyyin ni watu wa mitishamba, wachuma majani ya dawa milimani. Hashishi ni nyasi, Mpemba kashasema. Mtu wa mlimani anashuka na furushi la dawa, mjini anaitwa mwenye majani.

Mchoma Mahindi #37
Daktari Miti angalau ungebadilisha jina kwanza kabla ya kutetea mitishamba.

Mwalimu Chaki #38
Turudi. Nani anajua lilivyoacha kuwa jina la kundi likawa la kazi? Hilo ndilo linanisumbua zaidi. Jina la watu wa mlima mmoja likawa la kila muuaji duniani.

Bint Darini #39
Hapo ndipo patamu. Washairi wa mapenzi wa Provence, kusini mwa Ufaransa, walilichukua kwanza kwa UAMINIFU. Mtu anamwambia mpenzi wake: nakutii kama Assassini anavyomtii Mzee wake wa Mlimani. Jina la sifa! Kisha Italia, mwanzoni mwa karne ya 14, mshairi Dante kwenye shairi lake la safari ya motoni anamtaja "assassin" msaliti anayezikwa kichwa chini, na hapo ni muuaji wa kulipwa tu, hakuna Syria wala Uajemi. Shakespeare akatumia "assassination" kwenye Macbeth. Likawa la Kiingereza mazima.

Popo wa Mchana #40
Leo usiku namwandikia mtu: mimi ni Assassini wako. Nikipigwa bloku Bint Darini unahusika.

Mkenya Mtulivu #41
Na Kiswahili tunamwitaje? Magazeti yanasema "muuaji" basi. Tom Mboya 1969, Mzee Karume 1972, redio inasema "aliuawa", neno hilohilo la mtu aliyegongwa na lori. Waingereza wana neno la peke yake.

Nahodha Mstaafu #42
Msasi.

Rozi wa Upanga #43
Nahodha umenichekesha. Lakini kwa kweli lingefaa.

Bint Darini #44
Nitalikubali kama pendekezo, silikubali kama asili. Nahodha usije kesho ukasema nilikubali.

Kitasa Kibovu #45
Wakuu, mrejesho. Nimewasomea uzi wote kijiweni. Dogo wa gemu anadai kashinda kwa sababu Benjamin kaandika hashishi. Mwalimu anadai hajashindwa kwa sababu hakuna aliyeeleza hashishi ya nini. Muuza kahawa hakusoma kabisa, kasema yeye alisikia asasi kwa mteja mmoja mwenye suti na anamwamini. Halafu akauliza nani analipa vikombe vya jana, kumi na vinne.

Mpemba wa Maskati #46
Lipa wewe mwenye uzi. Au nikutumie robota moja ukauze.